Mawe ya Masanja

Kisorya, 9 Februari 2025

Mwanangu Debora, mwalimu wa walimu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, maana marehemu mdogo wangu alikulea vizuri. Huku tu wazima. Mama yako mkubwa Hyasinta goti linamsumbua akienda kanisani, akienda harusini linapona. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mvua imekuwa ya kuonjesha tu, mihogo imesimama inatutazama. Mimi mwenyewe nimebakiwa na meno manne, na hayo manne hayakutani, lakini ulimi uko kamili.

Sasa kaa chini. Baba yako mkubwa ameua samaki ambaye hajawahi kuuawa na mtu katika ziwa hili. Mkubwa kuliko mtumbwi wa mzee Wanzagi. Nimepigana naye kutwa nzima, viganja vimechubuka, mwalo mzima wa mitumbwi umesimama unashangaa.

Haya, sikupigana. Na mwalo haukusimama, kulikuwa na bata wawili tu na mmoja alikuwa amelala. Samaki nilimkuta ameshakufa, amekufa siku nyingi mpaka akawa jiwe. Unajua ziwa lilivyopanda miaka ile, likameza migomba na choo cha shule. Sasa limeanza kurudi nyuma, linatema kile lilichokula: ndala, mbao za mitumbwi, sufuria isiyo na kitako. Mimi asubuhi napitaga kuokota. Hyasinta anasema nimegeuka kunguru. Basi nimeokota mawe matano ya ajabu. Kila moja ni la mviringo kama gurudumu la gari la mtoto, pande zote mbili limebonyea kama kikombe cha kahawa, na katikati lina tundu. Ukililowesha unaona miduara, mmoja ndani ya mwingine.

Nakutumia moja kwa mkono wa Muharami, yule muuza dagaa wa Bunda. Ameapa hatalitumia kwenye mizani yake. Bunda atalikabidhi kwa watu wa basi la Butiama.

Usiulize kwa nini sipigi simu. Simu yangu ilianguka ziwani mwezi wa kumi na moja. Halafu simu haina adabu, unaongea na mtu naye anakuuliza palepale. Karatasi inakuacha umalize.

Niambie ni samaki gani. Na uniambie kama jina la mtu aliyemwokota huwa linaandikwa mahali.

Mimi baba yako mkubwa,
Kasmiri, mshindi wa samaki waliokufa


Butiama, 2 Machi 2025

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama Mkubwa naye shikamoo yake, na goti lake pole, isipokuwa siku za harusi.

Sisi hatujambo. Mary ameanza kidato cha kwanza Musoma. Siku ya kwanza alilia, ya pili akalia, ya tatu akaniambia nipunguze kwenda kumwona, namwaibisha. Shule yangu iko salama. Nina wanafunzi sabini na wanane wa baiolojia na darubini moja isiyo na kioo.

Jiwe lako limefika. Nililiweka mezani nikakaa nalo jioni nzima. Baba Mkubwa, safari hii hukutania. Ni pingili ya uti wa mgongo wa samaki. Mfupa ukifukiwa na tope kwa muda ambao mimi na wewe hatuwezi kuuhesabu, maji hupitisha madini ndani yake kidogo kidogo, mwisho mfupa unaondoka na jiwe linabaki na sura ya mfupa. Ile miduara ni ya umri, kama ya mti. Nimehesabu kumi na tatu. Alikuwa samaki mkubwa.

Sasa nina kazi kwako. Tafuta sangara mkubwa na kambale mkubwa. Wachemshe mpaka nyama iachie, safisha mgongo, anika. Chukua pingili ya katikati, si ya mkiani, uilinganishe na mawe uliyobaki nayo. Ukinifanyia hivyo, nitakuwa nimebeba deni lako la jambo moja, lolote utakalotaka, mradi lisiwe kukutafutia mke wa pili.

Pia naomba unijibu haya. Uliyaokota wapi hasa? Nichoree, hata kwa mkaa. Na tundu je? Pingili ya samaki huwa na tundu dogo la kupita sindano. Hili linaingiza kidole, na kingo zake zimegongwa. Ndani yake nimetoa uzi wa bluu. Samaki wa zamani hizo hakuvaa nailoni, Baba Mkubwa.

Pasaka sitakuja. Kazi ni nyingi.

Mwanao,
Debora


Kisorya, 24 Aprili 2025

Mwanangu Debora,

Pasaka imepita na wewe hukuonekana, tukala sehemu yako. Mwambie Mary mjukuu wangu kuwa hata mimi mama yangu aliniaibishaga shuleni, ndiyo maana nikaishia darasa la nne. Huku aliyefariki ni Marieta, dada yake Hyasinta, yule wa Guta. Tulimzika vizuri. Padri aliongea maneno mafupi, kila mtu akamsifu marehemu kwa hilo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya msiba. Na kabla ya msiba, kwa sababu ya mvua. Na kabla ya mvua nilikuwa nachonga kalamu.

Kazi yako nimeifanya. Kambale nilimpata, lakini sangara mzima sikumpata, wakubwa wanakwendaga kiwandani na wenye bahati ya kuwaona ni mainjinia wa huko. Nilipata panki, ule mgongo unaobaki baada ya minofu kuchukuliwa, mrefu kama mguu wa askari. Nikauchemsha kwenye sufuria ya Hyasinta ya ubwabwa. Harufu ilivuka mpaka. Jirani Matrida akaja kuuliza kama tumefiwa tena. Hyasinta akasema, “Hapana, mume wangu anapika mwenzake.”

Nikaosha, nikaanika juu ya bati, nikakaa na fimbo siku mbili kufukuza paka. Halafu nikavipanga kwenye mkeka: mfupa wa kambale huku, mfupa wa sangara kule, jiwe katikati.

Kambale si yeye, hafanani naye hata kwa ukoo wa mbali. Lakini sangara, Debora, nilipoweka ile pingili juu ya jiwe vikombe vilikaa kama mtu na mdomo wake. Na zile mbavu ndogo za mifupa ubavuni zipo kote kote, na kile kivimbe cha chini kipo. Ni mapacha. Hiyo pingili nakutumia kwa mkono wa Muharami.

Sasa hapo ndipo nimekwama. Maana sangara tulimwona anaingia ziwa hili tukiwa na ndevu tayari. Kila mtu anajua ameletwa na wazungu. Kabla yake tulikulaga sato, ningu na furu, yeye akaja akawala wote. Sasa mgeni ambaye tulimwona anabisha hodi anawezaje kuwa na kaburi la babu yake uani kwetu? Kuna mtu mmoja aliwahi kusema hapa mwaloni kuwa

Basi hayo ya zamani yaache.

Mahali nilipookotea ni ufukweni. Ufukwe ni mrefu. Tundu nimelikuta hivyo hivyo. Uzi sijui, ziwa limejaa nailoni kuliko samaki.

Mimi mpishi wa mifupa,
Baba yako mkubwa


Butiama, 18 Mei 2025

Baba Mkubwa, shikamoo. Pole sana kwa msiba, mpe pole Mama Mkubwa. Nilimpenda Marieta; alinisuka nikiwa mdogo bila kunivuta nywele.

Jumamosi nilikwenda Musoma kumwona Mary na nikapitiliza kukutana na Lilian, mwanamke niliyesoma naye. Yeye alishika masomo zaidi, sasa kazi yake ni mifupa ya samaki wa kale. Nilimpa jiwe na ile pingili yako iliyochemshwa. Aliyatazama, akanyanyuka kufunga mlango, kama vile mifupa ingekimbia. Anasema ni wa ukoo wa sangara. Aliishi huku kabla ziwa hili halijawa ziwa hili, akaisha, watu wakaja wakamrudisha bila kujua kuwa alishawahi kuwa mwenyeji. Wewe ulimwona anabisha hodi, Baba Mkubwa, lakini alikuwa anarudi nyumbani.

Lilian anakuja Kisorya tarehe tisa Agosti na wenzake watatu. Wametafuta gari na kibali. Mfupa peke yake haumtoshi. Anataka kuona tabaka la udongo ulimotoka, bila hilo hawezi kuandika lolote. Kwenye fomu kuna nafasi ya jina la aliyegundua. Nimeandika Kasmiri.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu, hata mama alikufa sijamwambia. Huyo mtu wa mwaloni aliyesema sangara alikuwepo zamani, unayemkatia sentensi katikati, ni baba yangu. Nakumbuka. Nilikuwa na miaka saba. Watu walimcheka wakimwita Fundi Mifupa, na mimi nilikuwa nacheka nao kwa sababu nilitaka watoto wenzangu wanipende. Alikuwa na gunia la mawe kumi na moja chini ya kitanda. Alikwenda Musoma kutafuta mtu wa kuyaangalia, na aliporudi gunia lilikuwa tupu. Mimi nilikuwa nimechukua jiwe moja. Nililibingirisha mchangani kama gurudumu mpaka likaingia majini. Moja, ndivyo ninavyokumbuka. Lakini yalipotea yote, na baba, ambaye hakuwahi kunigusa, alinichapa siku hiyo tu, na baada ya hapo hakutaja mfupa tena mpaka anakufa. Miaka thelathini na minne najiambia kuwa lazima niliyatupa yote nikasahau. Ndiyo sababu nilisomea baiolojia. Na ndiyo sababu siji Kisorya. Nikikanyaga mwalo ule viganja vinaniwasha.

Kwa hiyo usinichezee kwenye hili. Wapi?

Debora


Kisorya, 5 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Wale mbuzi mapacha wamekua, mmoja ana tabia kama za Muharami. Barua yako imefika. Macho yangu hayako vizuri, miwani imebaki na kioo kimoja, kwa hiyo barua zako Hyasinta ndiye anayenisomea. Alisoma hii mpaka mwisho. Sasa ni siku ya nne ananipa ugali bila mboga.

Nitaandika vizuri baadaye. Mkono unauma.

Kasmiri


Butiama, 30 Juni 2025

Baba Mkubwa, shikamoo.

Umeniandikia mistari michache, na ya kwanza ni ya mbuzi. Lilian amenipigia mara tatu. Nimeanza kumwambia kuwa pengine nilikosea, pengine mzee alinitania tu. Nikimwambia hivyo na yeye akaamini, sitakuwa na uso wa kumwomba tena.

Kama ni mzaha, sema ni mzaha. Sitakasirika. Nimezoea.

Debora


Kisorya, 13 Julai 2025

Mwanangu Debora,

Leo sina habari za mbuzi. Hyasinta yuko hapa pembeni, anasema nikianza habari za mbuzi ataichukua kalamu.

Jiwe ulitupa moja. Kumbukumbu yako ni nzima. Yale kumi niliyachukua mimi.

Nakuandikia yalivyokuwa. Mwaka ule wa tisini na moja nilinunua nyavu mpya na sikuwa na mawe ya kuzizamishia. Jiwe la nyavu lazima ulitafutie lenye kiuno cha kufungia kamba, au ulitoboe, na kutoboa jiwe ni kazi ya siku nzima. Nikakumbuka ya mdogo wangu Masanja. Yana tundu tayari, dogo, unalipanua kwa msumari na nyundo mara tatu tu. Yeye alikuwa Musoma kutafuta mtu wa kuyaangalia. Nikaingia kwake mchana, nikasalimia mama yako, nikasema nachukua viazi vya mbegu, nikayahamishia mawe kwenye kapu langu, gunia nikaliacha. Alikuwa anapeta mtama, hakugeuka. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani, Debora. Nilijiambia, Fundi Mifupa anasema hawa ni sangara, basi ngoja sangara wamvue sangara.

Nikayafunga kwa nailoni ya bluu. Usiku wa pili upepo ukaja, ziwa likachafuka, nyavu zikaenda na kila kitu.

Masanja akarudi na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alipata mtu wa ofisi aliyekubali kuja na gari. Akaingia ndani, akatoka na gunia tupu mkononi. Akaja kwangu. Hakuniuliza kwa ukali, aliniuliza, “Kaka, mawe yangu umeyaona?” Wewe ulikuwa kule mchangani unabingirisha lako. Nikanyoosha kidole. Nikasema, “Waulize watoto.” Maneno mawili tu, na nilisema huku nacheka.

Nilisikia unavyolia. Nilikuwa nimekaa hapa hapa ninapoandikia. Nikajiambia mtoto akichapwa anasahau.

Siku ya tatu gari likaja. Yule mtu alishuka, akaonyeshwa gunia, akatazama saa yake. Mwaloni watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na aliyeanza kucheka ni mimi. Nilisema kwa sauti, “Masanja, sangara wako amerudi kwa wazungu.” Mpaka leo kuna watu wanaisemaga hiyo kama utani mzuri. Ni utani mzuri. Ndiyo ubaya wake.

Kwa hiyo mwezi wa pili mwaka huu, nilipokuta kamba ya bluu imelala mchangani na mawe matano yameshikamana nayo, sikuuliza ni nini. Nililijua fundo. Mimi ni wa mkono wa kushoto, hakuna mwingine hapa anayefunga hivyo. Nilikaa chini. Ziwa lilikaa nayo miaka thelathini na minne kisha likaja kuniwekea mlangoni. Nikakata kamba, nikaichoma, nikakuandikia kuwa nimeua samaki. Nilifikiri nikikutumia wewe mawe bila maneno nitakuwa nimerudisha. Halafu tamaa ya jina ikanishika hapo hapo, kama unavyonijua.

Hyasinta aliposoma pale uliposema ulikuwa na miaka saba, aliweka barua chini akaniuliza, “Kasmiri, yale mawe tuliyofunga pamoja kwenye nyavu za bluu, uliniambia umeyatoa Ukerewe.” Nikamjibu kitu cha kuchekesha. Hakucheka. Amekaa nami miaka hamsini na mbili, ni mara ya kwanza.

Mahali ni Mwibale. Ukitoka kivukoni unafuata maji kwa saa moja na nusu kuelekea jua linapochomoza, pale ukingo unaposimama kama ukuta na kuna korongo limekatwa na mvua. Masanja alinipeleka mwenyewe, mimi peke yangu, mwaka wa themanini na tisa. Alisema, “Kaka, wewe hutaniamini, lakini angalau utakuwa umeona.” Sikuwahi kurudi. Juzi nimekwenda. Hyasinta alinisindikiza, goti na yote. Ipo, Debora. Katika ule udongo wa kijivu juu ya ule mwekundu, kimo cha kifua changu, mifupa imejipanga kama shanga, mmoja baada ya mwingine, haijaguswa. Sikugusa. Ziwa halikufika kimo kile hata lilipopanda.

Na chini ya ukuta, kwenye pango dogo, nikakuta kijembe kisicho na mpini kimeliwa na kutu. Ni kijembe changu. Nilimwazima Masanja, akasema kimepotea, nikamsema kwa sababu yake mpaka wiki aliyofariki. Hakikupotea. Alikiacha pale ili kesho yake aendelee kukwangua, na ile kesho mimi ndiye niliyeizuia. Nimekiacha hapo hapo. Waambie wageni wako wasikitupe.

Lete watu tarehe tisa. Huyo Lilian usimwambie umekosea. Hukukosea, na baba yako hakukosea. Kwenye fomu futa Kasmiri, andika Masanja, na mwaka uwe themanini na tisa.

Sikuombi unisamehe. Hicho si kitu cha kuagiza kwa mkono wa muuza dagaa. Lakini ulisema una deni langu la jambo moja kwa kuchemsha ile mifupa, nami nilichemsha, nikafukuza na paka. Nilikuwa nimepanga kukuomba miwani. Miwani iache.

Mkishafika, kabla hamjaenda Mwibale, pitieni mwaloni saa nne asubuhi, mitumbwi ikiwa imerudi na watu wamejaa. Wazee waliocheka siku ile wamebaki sita, nitawapanga mbele. Simama pale ulipokuwa na lile jiwe lako, uniulize kwa sauti ya darasani: “Baba Mkubwa, mawe ya baba yangu yalikwenda wapi?”

Usiniache nianze mwenyewe. Nikianza mwenyewe nitaanza na mzaha, watu watacheka, nami nitapita katikati ya kicheko chao kama ninavyopitaga siku zote. Nikianza mzaha, nikatize. Niulize tena.

Kasmiri